Saluni ya Kirumba yenye bei ya kawaida na bei ya chotara: nimelipa zote mbili kwa watoto wa tumbo moja

Nianze na maksi kabisa ili mwenye haraka zake aondoke: tatu na nusu kati ya tano. Jina la saluni siliweki maana mwenyewe tulishakaa tukayamaliza na mpaka leo naenda, ila kama we ni mtu wa Kirumba, hapa Mwanza, utaijua tu, ni ile ya ghorofani yenye ngazi za chuma zinazopiga kelele, chini yake kuna mama anauza vifaranga, kaandika kwa mkono kwenye kipande cha boksi VIFARANGA CHOTARA WAPO. Hicho kibao kishikilie kichwani, tutakirudia.

Mi nina mabinti wawili, mmoja ana tisa mwingine sita, baba mmoja mama mmoja. Mkubwa kachukua nywele zangu, kipilipili safi, nyingi, zimeshonana kama kapeti, chanuo la mbao linaacha meno humo. Mdogo kachukua za kwa baba yake, zina mawimbi, ukizilowesha zinashuka mpaka mgongoni, zikikauka zinajikunja zinakuwa vurugu tupu. Rangi nayo hivyohivyo, mkubwa maji ya kunde, mdogo wanamuuliza kama ni Mhindi. Baba yao ni mtu wa Afrika Kusini, Cape Town, anafanya kazi migodini upande wa Geita, anakuja wikendi, na tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe anafika mapema badala ya kukaa kwenye foleni ya kivuko. Hilo nalitaja kwa sababu siku yenyewe alikuwepo saluni, ingekuwa enzi za kivuko asingewahi na mi nisingekuwa na cha kuandika zaidi ya bei.

Kabla ya hapa tumehangaika jamani. Saluni ya kwanza nilimwacha mdogo dakika ishirini nikaenda kununua dagaa, narudi nakuta dada keshafungua kopo la dawa anakoroga, eti zilainike vizuri, zilainike mara ngapi na zenyewe zinateleza kama kambale. Ya pili wakamkataa kabisa, msusi kazishika kaziachia, "hizi za kizungu mi siziwezi, rasta haishiki", halafu kamgeukia mkubwa akaanza kumburuza na chanuo kavu bila tone la maji mpaka mtoto machozi yanamtoka. Yaani mmoja kaogopwa mwingine kaonewa, ndani ya nusu saa.

Hii ya Kirumba dada anajua kazi, na hapa nataka nimpe haki yake yote kabla sijaanza kulalamika. Anaosha kwa maji ya uvuguvugu, anagawa kichwa mafungu manne kila fungu anabana na kibanio, anapaka kondishena mpaka nywele inakuwa nyeupe, halafu anaanza na vidole, chanuo la meno mapana linakuja baadaye sana. Anaanzia nchani anapanda juu kidogo kidogo huku mkono mwingine kashika shina ili mtoto asisikie kuvutwa. Mdogo, ambaye nyumbani ukigusa kichwa chake anakimbilia kwa jirani, alilala. Alilala kabisa mdomo wazi. Mkubwa akasukwa twende kilioni, mistari imenyooka kama imepigwa rula, na hakubanwa, nywele za pembeni ya uso hazikuvutwa hata kidogo, usiku hakuomba panado. Mafuta anachanganya mwenyewe, ya nazi na ya nyonyo, hayanuki. Umeme ulikatika mara moja wakawasha jenereta, mambo yakaendelea. Choo kisafi. Kwa hapo tu ningempa tano bila kufikiria.

Sasa twende kwenye ubao.

Ni ubao mweupe ukutani, wino wa bluu: KUOSHA, STIMU NA KUSUKA MTOTO. KAWAIDA 10,000. CHOTARA 20,000. Nilivyouona nikajua basi nimeumia, wawili elfu arobaini, nikaanza kuhesabu za kwenye simu kimoyomoyo. Dada akamwita mkubwa, akazamisha vidole kichwani, akasema "kawaida". Akamwita mdogo, akazamisha vidole, hata sekunde tatu hazikufika, "chotara huyu". Nikamwambia dada angu hawa ni mtu na mdogo wake, baba yao ndo yule pale kwenye kiti anachezea simu, kama ni chotara ni wote, kama siyo siyo wote. Akanijibu bila hata kunitazama, "najua dada, lakini nywele hazina undugu."

Nilicheka, naomba nikiri. Halafu mkubwa akauliza, kwa ile sauti ya mtoto ambayo saluni nzima inasikia, "kwa hiyo mama mi siyo chotara?" na mdogo akadakia, "mimi ndo chotara, kama wale kuku wa pale chini!" Saluni ikapasuka, mpaka aliyekuwa kwenye draya akatoa kichwa aulize kuna nini. Mkubwa hakucheka. Alikuwa anatazama ubao, na mtoto wa miaka tisa ukimwekea namba mbili ukutani anajua ipi kubwa.

Neno chotara lenyewe mi silichukii sana, nimelisikia tangu utotoni, watu wanalisema kwa kusifia kabisa, "watoto wako machotara wazuri". Ila ukikaa ukalitafakari, tunalitumia kwa nani na nani? Kuku chotara, mbegu chotara za mahindi, ng'ombe chotara wa maziwa, na wanangu. Mtoto wa Msukuma na Mhaya sijawahi kusikia akaitwa chotara, na bibi zake wawili wakikutana kila mmoja anasalimia kwa lugha yake. Na baba yao ndo kabisa jina linabadilika kwa kituo: akitembea Makoroboi wanamwita Mwarabu, akipanda daladala ya Nyegezi anakuwa mzungu, tukienda Dar shemeji zake wa pwani wanamwita shombe. Mtu mmoja, shati lilelile.

Sasa siku ile wateja nao wakaingilia, si unajua saluni. Kulikuwa na mama mmoja wa Kisumu anayefanya biashara ya kuvuka mpaka, akasema kwao Kenya wanaita pointi faivu, yaani nusu, kama desimali. Nikamuuliza na Obama naye pointi faivu? Akanijia juu kimzaha, "Obama ni Mjaluo wetu, baba yake wa Kogelo, mtoto ni wa baba!" Kogelo ni huko Siaya, ziwa ni hilihili letu. Haya mchukue mtu huyohuyo mpeleke Marekani, kule mama yake Mzungu wa Kansas hamsaidii kitu, maana wana ile kanuni yao ya zamani ya tone moja la damu, ukiwa na mweusi mmoja huko nyuma basi na wewe mweusi, Virginia waliiweka kabisa kwenye sheria mwaka 1924, na kwenye majimbo mengi mweusi na mweupe kuoana kulikuwa kosa la jinai, za mwisho zikafutwa na mahakama yao ya juu 1967. Fomu ya sensa ya Marekani imeanza kumruhusu mtu atiki kisanduku zaidi ya kimoja mwaka 2000, juzi tu, na 2010 Obama akiwa rais, ruhusa anayo, akatiki kimoja, cha mweusi. Kwa hiyo Kisumu ni Mjaluo, Marekani ni mweusi, na angepandishwa zile ngazi za chuma za Kirumba akiwa mtoto, na zile nywele zake, dada angezamisha vidole akasema kawaida, elfu kumi.

Kwenye kabati la kioo pale saluni kuna pakiti za nywele za kuunganisha zimeandikwa ni za Brazili (bei zake usiulize). Brazili yenyewe hawahesabu babu, wanaangalia unavyoonekana, ndo kama dada wa saluni tu. Sensa yao ina chaguo tano, wale wa katikati wanaitwa pardo, na kwenye sensa ya 2022 hao ndo wamekuwa kundi kubwa kuliko yote, asilimia 45.3. Mwaka 1976 waliwaachia watu wataje rangi zao kwa maneno yao wenyewe, yakapatikana majina zaidi ya 130, kuna aliyejiita kahawa na maziwa, kuna aliyejiita kaungua na jua. Kule mtu na mdogo wake wa tumbo moja kuandikwa rangi tofauti si habari. Wanangu wangekuwa Wabrazili basi dada yuko sahihi kabisa na mkorofi ni mimi.

Sasa tukio lenyewe.

Dada ana daftari la kuandika majina ya wanaosubiri, anaandika kwa penseli, ile ya njano ya shule yenye raba nyuma. Alikuwa kakaa katikati ya wanangu, mkubwa kasukwa nusu kichwa, nusu nyingine bado imesimama. Mikono imejaa mafuta, kamaliza kuandika jina, akaichomeka penseli kwenye ile nusu iliyosimama kama fundi seremala anavyoweka sikioni, akaendelea na kazi. Ikakaa. Baadaye akaichomoa akaandika jina lingine, safari hii aliyekuwa karibu ni mdogo, akaichomeka kwake. Ikateleza taratibu, ikapita shingoni, ikaanguka kwenye vigae, tii, ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha baba yao. Watoto wakaona mchezo huo. "Kwangu inakaa! Kwako inaanguka!" Wakaikimbilia, wakarudia mara tatu mara nne, saluni inacheka, mi nacheka, dada anacheka. Mara ya mwisho ilipoanguka baba yao akaiokota, akaishika, hakuirudisha. Akasema na kile Kiswahili chake cha Geita, "basi, inatosha," akatoka nje akasimama kwenye ngazi mpaka tulipomaliza. Mi nikadhani kachoka kusubiri, wanaume na saluni.

Usiku watoto wamelala ndo akanieleza. Kwao penseli haikuwa mchezo. Mwaka 1950 serikali ya Wazungu ilitunga sheria ya kumwandika kila mtu nchini kwa rangi yake, na ukitaka kujua mtu aingie kundi gani na sura yake haieleweki, mojawapo ya vipimo ilikuwa kumchomeka penseli kwenye nywele. Ikianguka unaweza kuhesabiwa Mzungu, ikikaa siyo Mzungu, kwisha. Na kwa hiyo karatasi ndo unajua utakaa mtaa gani, utasoma wapi, utaoa nani, utalala ufukwe upi. Ndugu waliachanishwa. Bibi yake yeye alikuwa na dada yake ambaye penseli ilimkubali, akahamia upande wa Wazungu, na wakikutana mjini wanapishana kama hawajuani, kwa sababu yule mwingine akisalimia tu kesi inaweza kufunguliwa upya. Dada yake wa tumbo moja. Hapo ndo nikaelewa kwa nini aliondoka pale.

Akaniambia na habari ya Sandra Laing, hiyo inajulikana dunia nzima, mtoto aliyezaliwa 1955 na wazazi Wazungu wote wawili lakini yeye katoka na ngozi ya kahawia na nywele za kujikunja. Mwaka 1966, ana miaka kumi, akatolewa shule ya bweni ya Wazungu, serikali ikamwandika upya kwamba siyo Mzungu tena, wakati kaka zake wamebaki Wazungu. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa wakamrudisha kuwa Mzungu. Amekua, akaishi na mwanaume Mwafrika, akazaa, na safari hii yeye mwenyewe ndo akaomba aandikwe siyo Mzungu, kwa sababu kwa sheria zile Mzungu asingeruhusiwa kukaa na watoto wake. Mtu mmoja, nchi moja. Sheria yenyewe ya kuandika rangi imefutwa 1991, na baba watoto wangu kabla ya hapo ashazaliwa na kuandikwa.

Kaandikwa nini? Coloured, sisi nyumbani tunatamka Kaladi, na hili ndo lilinishinda kuelewa miaka yote ya ndoa, mi nilikuwa nawaambia watu kwamba mume wangu ni chotara na yeye anakasirika. Ananiuliza chotara wa nani na nani? Mama yake Kaladi, baba yake Kaladi, babu zake Makaladi. Mchanganyiko wenyewe ni wa zamani, Wakhoikhoi, wenyeji wa pale Cape, Wazungu, na watumwa walioletwa kwa meli kutoka India, Indonesia, Madagaska na Msumbiji, utumwa pale ulifutwa 1834, kwa hiyo yeye hajioni nusu ya kitu chochote, anajiona mzima, wana Kiafrikana chao, vyakula vyao, matani yao, ni watu kama milioni tano kwa sensa yao ya 2022. Familia yake ilitolewa District Six, mtaa uliotangazwa wa Wazungu peke yao 1966, zaidi ya watu 60,000 wakahamishwa, nyumba zikabomolewa. Na usidhani baada ya hapo mambo yamenyooka, sheria yao ya ajira ya 1998 inasema "weusi" ni Waafrika, Makaladi na Wahindi, na 2008 mahakama Pretoria ikaongeza na Wachina wa kule. Nilivyosikia hilo la Wachina weusi nikamwambia baba watoto, twende tukalale.

Kitu kilichomshangaza yeye alivyokuja huku ni fomu. Siku tunamwandikisha mkubwa darasa la awali aligeuza karatasi mbele nyuma akaniuliza kisanduku cha rangi kiko wapi. Hakuna. Sensa ya 2022 haikuuliza hata kabila. Siyo kwamba sisi ni malaika, pale ukisimama kwenye jiwe la Bismarck, lenye jina la kansela wa Ujerumani, ukumbuke hao Wajerumani mwaka 1906 walipiga marufuku ndoa za Mzungu na Mwafrika kwenye koloni lao hili, na Waingereza nao wakatupa uchaguzi wa 1958 ambao kila mpiga kura lazima apige kura tatu, amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Hata Oktoba 1961, uhuru uko mlangoni, bungeni walikuwepo waliotaka uraia uangalie rangi, Nyerere akakataa mpaka akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu. Kwa hiyo kwenye karatasi tumeifuta, imebaki kwenye ubao wa saluni.

Mama yangu, bibi yao, yuko Misungwi, yeye mada yote hii haimhusu. Tulienda wiki ile, mkubwa kampigia magoti, "mwangaluka bibi", na kabla hata hajanyanyuka akauliza, bibi eti mi ni nani, maana saluni wamesema siyo chotara. Bibi akamtazama akanitazama mimi. Akauliza, "ng'ombe si zilitolewa?" Kwa Wasukuma hesabu ndo hiyo, ng'ombe zikitolewa watoto ni wa ukoo wa baba, zisipotolewa wanabaki kwa mama, nywele haziingii. Baba yao alitoa, kwa hela siyo ng'ombe wenyewe, na bibi mpaka kesho anasema zilipungua mbili. Kwa hiyo kwa hesabu za Misungwi wanangu ni watu wa Cape Town kasoro ng'ombe wawili.

Jumatano nikarudi saluni peke yangu, sikwenda kugombana, nilienda kuongea na mwenye saluni. Mama mtu mzima, mpole, akanikalisha, akaagiza soda. Akasema mwanangu huo siyo ubaguzi ni kondishena, chupa moja inaisha kwa vichwa vitatu vya aina ya mdogo wako (alimaanisha binti yangu), na msusi akizembea nywele zinafungana upya anaanza moja. Hapo nilimuelewa. Akaniambia na kingine ambacho sikukitegemea, kwamba neno lenyewe hakulianzisha yeye, wazazi ndo wanaringia, kuna mama alikuja na mtoto, dada kazamisha vidole kasema kawaida, mama kanuna, kang'ang'ania mwanae ni chotara na kalipa elfu ishirini kwa nguvu. Yaani kuna mtu amenunua.

Kwenye kiti cha pembeni alikuwepo mama mmoja asili yake Bukavu, kafungwa taulo kichwani, alikuwa kimya muda wote. Akasema kwa kile Kiswahili cha kwao, kwetu walikuwa wanaandika metisi, na mtoto akishaandikwa hivyo wanakuja kumchukua. Enzi za Wabelgiji, Kongo, Rwanda na Burundi, watoto waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mwafrika walitolewa kwa mama zao wakapelekwa misheni za mbali, moja iko Save kule Rwanda, majina yanabadilishwa, na uhuru ulipokaribia wengine wakasafirishwa mpaka Ubelgiji. Waziri mkuu wa Ubelgiji aliomba radhi bungeni Aprili 2019, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikasema kabisa kwamba lile lilikuwa kosa dhidi ya ubinadamu, kesi iliyofunguliwa na kina mama watano waliochukuliwa wakiwa wadogo. Mama wa Bukavu hakusema kama kwao alichukuliwa mtu. Mwenye saluni soda yake ilikuwa mkononi hajainywa. Tukakaa hivyo mpaka draya likalia.

Sikumwomba afute kitu siku hiyo, nilimwambia tu mkubwa ameacha kuachia nywele zake, anataka nimpake dawa ziteleze penseli ianguke. Akasema "mh". Basi.

Ya kujua kama unaenda: Jumamosi fika kabla ya saa tatu asubuhi, ikipita hapo utakaa mpaka jioni. Mtoto ale kabla, pale chini chips zipo ila zina mafuta mengi. Lipa kwa simu inakubali, risiti mpaka uombe. Muulizie yule dada mrefu mweusi mwenye tatuu ya nyota mkononi, wengine wawili bado wanajifunza na mmoja ana mikono mizito. Ngazi zikiwa na mvua mshike mtoto. Kuhusu ile nusu maksi niliyompunguzia, ni ya kuchelewa, dakika arobaini tulikaa wakati tulipiga simu jana yake. Moja nzima ni ya ubao.

Ubao wenyewe umebadilika. Tumeenda Jumamosi iliyopita wote wanne, nikaukuta umefutwa, bado kivuli cha wino wa zamani kinaonekana ukitazama kwa pembeni, umeandikwa upya: NYWELE CHACHE 10,000. NYWELE NYINGI 20,000. Dada akamwita mkubwa, akazamisha vidole, vikapotea, "mh, hizi nyingi." Mkubwa akanitazama, shingo imenyooka kama twiga. Akamwita mdogo, akazamisha vidole, "hizi nazo nyingi." Nikamgeukia baba yao, alikuwa anacheka kimyakimya mabega yanatikisika, na mi ndo niliyeenda kudai haki mpaka nikanyweshwa soda. Penseli siku hizi imefungwa kwa uzi kwenye daftari. Mkubwa akausoma ubao kwa sauti, neno kwa neno, akapiga hesabu kabla hata dada hajafungua mdomo.

"Mama, arobaini."